Kilo za Macho

Mulwa, mwenye bucha pale Kitengela, alikuwa na msemo alioupenda kuliko sala ya chakula: "Muteti ana jicho." Aliwaambia wateja, akamwambia mchungaji wa kanisa alipopita kununua maini, akausema tena jioni mbele ya sahani ya isyo, mahindi na maharage yake ya Kikamba. Muteti alikuwa kifungua mimba wake. Muthoki, binti aliyemfuata, aliusikia msemo huo mara nyingi hata akazoea kuumalizia kimoyomoyo: na mimi sina.

Jicho lenyewe si la kusomea gazeti. Mwenye bucha hununua ng'ombe akiwa hai, amesimama sokoni Kajiado, na mizani hakuna. Unamtazama, unakadiria ukimchinja atatoa kilo ngapi za nyama, basi, umeshanunua. Kesho yake kichinjioni, ngozi, kichwa na matumbo vikishaondolewa, ndipo mizani hukuambia kama una macho au una matundu mawili ya kupitishia upepo. Na wenye bucha, tuseme ukweli, ni watu wa maneno. Ukikosea kilo tatu wanakuvumilia, ukikosea kumi wanakupa jina.

Muthoki alikuwa nyuma ya kaunta tangu alipomaliza darasa la nane, mwaka wa 1991. Alikata, akapima, akafunga nyama kwa gazeti, mwaka ukaingia mwaka ukatoka. Ukimwomba nusu kilo alishusha kisu mara moja tu, na mshale wa mizani ukasimama pale pale kwenye nusu. Wateja walishangaa, yeye hakushangaa. Hiyo ni kazi ya mikono, alisema, mtu yeyote akikaa hapa miaka minane ataiweza. Alichokuwa nacho hakukihesabu kuwa kitu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukisifu nyumbani kwao. Ndivyo tulivyo binadamu: tunajipima kwa kipimo cha mwenzetu, halafu tunalia kwamba tumepungua.

Mwaka wa 1999 mguu wa Mulwa ulianza kuvimba, na siku moja ya soko akamchukua binti yake waende Kajiado amshikie mkoba na dawa. Hapo ndipo Muthoki alipomwona Nalangu.

Soko lilikuwa vumbi na kelele. Wanaume walijaa kila upande, fimbo juu, kila mmoja akimtukana ng'ombe wa mwenzake ili apunguziwe. Kisha mwanamke mmoja wa Kimaasai akapita katikati yao, mrefu, mtu mzima, kichwa kimenyolewa kiking'aa, mikono nyuma. Kelele zikapungua. Hakuziomba zipungue, zilipungua tu, wanaume wakampisha huku wakijifanya walikuwa wanaondoka hapo hata hivyo.

"Baba, huyo ni nani?" Muthoki alinong'ona.

"Nalangu," Mulwa akajibu, naye kwa sauti ya kanisani. "Bwana yake alikufa akamwachia ng'ombe kumi na moja na mashemeji saba. Mashemeji walitaka ng'ombe. Mpaka wa leo wanataka."

Nalangu alisimama mbali na dume mmoja mwekundu ambaye wachuuzi wawili walikuwa karibu kupigana juu yake. Alimpa dume mgongo, kana kwamba anakwenda zake, kisha akamtupia jicho mara moja tu juu ya bega.

"Mia moja sitini na mbili," akasema, akaendelea na safari yake.

Ugomvi ulikufa hapo hapo. Mulwa akamnunua dume yule bila kuuliza swali jingine, na asubuhi iliyofuata, kichinjioni Kitengela, Katoo mpima nyama akasoma mizani kwa sauti: mia moja sitini na mbili. Hakuna nusu iliyozidi wala robo iliyopungua.

Muthoki nywele za mikono zilimsimama. Alikuwa ameamini siku zote kwamba jicho ni kama ndevu, huwajia wavulana na wasichana hukaa bila. Sasa amemwona mwanamke analo, tena analo kuliko wanaume wote wa soko zima, na hajisumbui hata kutabasamu. Siku mbili nzima hakuweza kula vizuri. Alikuwa na furaha iliyochanganyika na woga, kama ile iliyompata utotoni siku mawingu yalipofunguka ghafla na Kilimanjaro ukasimama mbele yake, mkubwa, wakati yeye alikuwa ametumwa kuni tu.

Waswahili walituonya: usimwige tembo kunya, utapasuka msamba. Muthoki hakuonyeka. Alianza kutembea mikono nyuma. Akapunguza maneno, akawa mtu wa kujibu wateja kwa kidevu. Nyuma ya bucha alifanya mazoezi ya kugeuka na kutupa jicho juu ya bega, na kwa kuwa ng'ombe hawakuwapo, alitumia mbuzi wa jirani. Mbuzi wale walitazamwa wiki hizo kuliko bibi harusi. Muteti alimfuma siku moja akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kwani shingo inakuuma?" akamuuliza.

"Niache."

"Mimi sijakushika. Lakini hiyo mbuzi umeitisha, ona vile imeacha kula."

Muteti hakuwa mtu mbaya, msimwonee. Alisifiwa tangu angali mdogo, naye akaamini, kama mtoto yeyote angeamini.

Basi nafasi ikaja. Muteti alikuwa amesafiri kwao Mwala kwa mazishi, mguu wa Mulwa umegoma, na bucha haina nyama ya Jumamosi. Mulwa akafikiri usiku, asubuhi akamtuma Muthoki Kajiado, kwa shingo upande.

Muthoki alifanya kila kitu alichomwona Nalangu akifanya. Alipita katikati ya wanaume mikono nyuma. Alichagua dume mweusi, mviringo, tumbo limejaa na ngozi imenyooka, akampa mgongo, akahesabu moyoni moja mbili tatu, akageuka, akatupa jicho juu ya bega.

"Mia moja na arobaini," akatamka, na sauti yake ikamfurahisha mwenyewe.

Mwuzaji alikubali haraka mno. Muthoki hakuliona hilo, maana alikuwa ameshughulika kujiona yeye.

Kesho yake kichinjioni walipopasua tumbo, maji yakatoka. Yalitoka yakafuata mtaro, yakazidi mtaro, yakalowesha viatu vya Katoo. Mwuzaji alimlambisha dume magadi tangu usiku, kisha akamwacha anywe asubuhi nzima. Ni ujanja wa zamani ambao kila mtu aliyemtazama ng'ombe, badala ya kujitazama, anaujua. Mizani ikasoma mia moja na nne.

Kufikia saa nne za asubuhi Muthoki alikuwa na jina. "Mia na Nne, habari ya leo?" walimwamkia wenye bucha, na watoto wao wakaliokota.

Mulwa hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alimketisha, akampa chai, akasema kwa upole, "Si makosa yako, mama. Mungu hugawa. Wewe hakukupa jicho, alikupa mkono. Rudi kwa kaunta."

Na jambo la kusikitisha ni kwamba Muthoki alihisi nafuu. Alikuwa ameumia, ndiyo, lakini angalau sasa ilijulikana. Aliiacha mikono yake itembee mbele kama zamani, akawaacha mbuzi wa jirani wale kwa amani.

Kazi moja ilibadilika. Kwa kuwa Muteti sasa ndiye aliyekwenda sokoni kila wiki, Muthoki ndiye aliyekwenda kichinjioni kila asubuhi kuleta nyama. Alifika mapema kuwaepuka wenye maneno, akakaa pembeni juu ya ndoo aliyoifunika kwa kifuniko, akisubiri. Mbele yake ng'ombe walipanda mteremko wa saruji mmoja mmoja wakiwa hai. Baada ya muda usiotosha kumaliza kikombe cha uji, walikuwa wakining'inia. Hai, halafu nyama. Hai, halafu nyama. Wanaume wa sokoni waliwaona wakiwa hai tu. Yeye alikuwa ameiona nyama kwa miaka minane, kila msuli na mfupa wake, na sasa kwa mara ya kwanza aliona ilikotoka.

Baada ya miezi kama mitatu, jambo la ajabu likaanza. Namba zilimjia. Hakuzitafuta, wala hakugeuka wala kutupa jicho popote. Ng'ombe alipanda mteremko, na kitu ndani ya Muthoki kikasema tisini na nane, au mia na kumi na tano, kisha Katoo akaita mizani ikawa hivyo au jirani na hivyo. Akipatia alisema ni bahati. Akikosea alisema, unaona, ndiyo mimi huyo. Kwa hesabu ya namna hiyo mtu anaweza kuwa sahihi miaka mia na bado akajiona mjinga. Hakumwambia mtu.

Mwaka wa 2000 kiangazi kilikomaa. Nyasi zilikwisha kutoka Isinya mpaka Namanga, ng'ombe wakawa mifupa iliyovalishwa ngozi, na hata Muteti mwenye jicho akaanza kukosea. Wiki moja kilo kumi na mbili, wiki nyingine kumi na tisa. Daktari naye akamwambia Mulwa kwamba mguu ule hautamfikisha sokoni tena. Jumapili moja baada ya kanisa Mulwa akawaita watoto wake wawili.

"Nikikosa mtu wa kununua mpaka mwisho wa mwezi," akasema, "nafunga bucha narudi Mwala. Muteti, wewe una leseni ya lori, utapata kazi. Muthoki..." Akausugua mguu wake. "Muthoki tutaenda na wewe shambani. Mama yako atafurahi."

Muthoki akatazama mikono yake. Shambani mvua haikuwa imenyesha misimu miwili.

Alhamisi ya wiki hiyo Nalangu akaja Kitengela. Habari zilitangulia, na kufikia saa kumi na mbili za asubuhi wenye bucha wote walikuwa kichinjioni, hata wasiokuwa na ng'ombe wa kuchinja. Hakuwa amewahi kufika hapo. Yeye huuza ng'ombe akiwa hai na kuondoka, hapendi kuwaona wakifa. Lakini kiangazi hakimwulizi mtu anachopenda. Alileta dume mmoja, mweupe mwenye madoa ya kijivu, wa pekee aliyebaki katika zizi lake, na Mulwa alikuwa amekubali kumchukua kwa kilo zitakazosomwa kwenye mizani. Mulwa mwenyewe alikuja na fimbo yake ya kutembelea, Muteti akimshika kiwiko.

Nalangu akapita karibu na ndoo ya Muthoki.

"Takwenya, entito," akamsalimu, yaani hujambo, binti.

"Iko," Muthoki akaitikia Kimaasai.

Kuna desturi pale. Ng'ombe wa mtu mwenye heshima akiletwa, kabla hajapanda mteremko, waliopo hutaja kilo. Hakuna zawadi. Ni jina tu linalopanda au kushuka. Katoo akageukia kwanza kwa mgeni, kwa adabu.

Nalangu alimtazama dume wake. Safari hii hakumpa mgongo. "Mia na hamsini," akasema.

"Mia na hamsini," wakasema wenye bucha, mmoja baada ya mwingine, kama waumini wanaoitika sala.

"Mimi niko na mama," akasema Muteti. "Mia na hamsini."

"Nani anaweza kubishana na Nalangu?" Mulwa akasema. "Mia na hamsini."

Katoo, mtu wa kupenda kicheko, akazungusha macho mpaka kwenye ndoo. "Na Mia na Nne? Wewe unasema ngapi?"

Watu wakacheka, wakamgeukia. Muthoki alisimama. Alikuwa na jibu tayari mdomoni, lile la kila mtu, na lilikuwa jibu jema, la heshima, lisingemdhuru mtu. Lakini dume alikuwa amevuta mguu mmoja kupanda saruji, na namba ilikuwa imeshakuja. Alijaribu kuisukuma irudi. Akafungua kinywa ili aseme mia na hamsini.

"Mia na thelathini na moja," kinywa kikasema.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Muteti alifunika uso. Mulwa akasema, "Msameheni jamani, ni njaa, hajakunywa chai." Nalangu peke yake hakucheka. Alimtazama Muthoki kidogo, kisha akatoka nje dume alipoingizwa, akasimama amegeukia ukuta mpaka kazi ikaisha.

Muthoki alitamani ardhi ipasuke. Hakuwa na hofu ya kukosea, kukosea alikuzoea. Kilichomtisha ni kwamba amembishia yule mama mbele ya watu.

Katoo akaning'iniza upande wa kwanza. "Sitini na sita na nusu."

Midomo ya wenye bucha ikawa inazidisha kwa mbili.

"Upande wa pili utakuwa mkubwa," akasema Muteti. "Kuna ng'ombe ziko hivyo."

Hakuna ng'ombe walio hivyo, na kila mtu pale alijua. Katoo akaning'iniza upande wa pili, akaufuta mshale wa mizani kwa kidole kana kwamba una vumbi.

"Sitini na tano na nusu. Zote... mia na thelathini na mbili."

Hakuna aliyecheka. Na hapo Muthoki, badala ya kufurahi, akaruka kama aliyeunguzwa.

"Pima tena!" akapiga kelele. "Hiyo mizani imeharibika! Katoo, pima tena, tafadhali!"

Alikuwa analia. Ungedhani ni yeye aliyekosea. Tangu siku ile ya Kajiado kulikuwa na mtu mmoja duniani asiyekosea, na Muthoki alikuwa ameegemeza kila kitu juu yake, hata kushindwa kwake mwenyewe. Kama Nalangu hukosea, basi nani ana hakika? Na kama yeye Muthoki amepata pale Nalangu alipokosa, basi yeye ni nani? Swali hilo lilikuwa kubwa mno kwa msichana aliyekuja kuchukua nyama kwa ndoo.

Katoo akashusha nyama, akaning'iniza jiwe la kilo ishirini linalotumika kujaribia mizani. Mshale ukasimama kwenye ishirini. Akapandisha tena pande zote mbili, moja moja. Mia na thelathini na mbili.

Nalangu alikuwa mlangoni. Aliingia polepole, akatazama mshale, akatazama nyama ambayo punde tu ilikuwa dume wake.

"Mizani iko sawa," akasema. "Ni mimi nimekosa."

"Hapana, mama," Muthoki akasema.

"Nimekosa. Kwani mimi ni Mungu? Nilikosa mara mingi kabla wewe uzaliwe." Akagusa mbavu kwa kidole kimoja. "Ng'ombe ya mtu mwingine naiona vile iko. Hii nimelea mimi, imekunywa maziwa ya mama yake mbele yangu. Wako mwenyewe unaendelea kumwona tu vile alikuwa zamani. Nimehesabu dume ya mwaka jana."

Mulwa aliinamisha kichwa akatazama fimbo yake, kisha akatazama ndoo, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa akijifuta machozi kwa kiwiko, mwanamke mzima wa miaka ishirini na mitatu.

"Sasa niambie, entito ai," Nalangu akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Muthoki alikijua vizuri kwa kuwa alikuwa amekibeba yeye mwaka mzima. Ilikuwa sauti ya mtu aliyestaajabu. "Wewe uliona wapi?"

Muthoki alitafuta maneno ya kuazima, hakuna. Hakuna mtu aliyewahi kulisema jambo hilo mbele yake akalisikia. Ikambidi atumie yake.

"Hapa," akasema, akaweka mkono kwenye kiuno cha nyama. "Kwa nje ngozi ilikuwa imenyooka, lakini alipoinua mguu kupanda, hapa hapakusogea. Nyama ikiwa nzito inasogea. Inachelewa kidogo, halafu inafuata mguu. Hii haikuwa na ya kuchelewa. Na pale kwa mkia, pande mbili, kulikuwa na shimo la vidole viwili. Shimo la hapo likiwa la vidole viwili, ndani mafuta ya figo yameisha. Mimi nimeyakata sana hayo. Ukishaona hayako, unatoa kilo..."

Nalangu, ambaye hakupenda kuona ng'ombe waliokufa, alisogea karibu akainama, akaufuata mkono wa Muthoki kwa macho kila ulipokwenda. Wenye bucha nao wakasogea, mmoja mmoja, bila kujifanya.

"Ati vidole viwili," Muteti akaanza, akitaka kutia mzaha kama kawaida yake. "Sasa mtu akiwa na vidole nono..."

"Nyamaza, Muteti," Mulwa akasema.

Alijiondoa katika mkono wa mwanawe, akachechemea peke yake juu ya saruji yenye maji mpaka akafika mbele, karibu na nyama, karibu na binti yake.

"Rudia hapo kwa mkia," akamwambia. "Rudia polepole. Ukienda Kajiado Jumatano, nataka nikikaa nyumbani nijue unaangalia nini."